Ndoto Nilipata mu Karatasi ya Karanga

Mimi njo nilimuzika mutu muzima. Sikumuua, sikumugusa hata na kidole, lakini bila mimi hakuna mutu mu Bunia angebeba jembe ile siku. Nilidanganya mara moja tu, tena sikufungua kinywa, niliitika na kichwa. Weye mwenye kusoma hii, kaa kidogo nikuelezee, juu nimechoka kuibeba peke yangu.

Majina nitabadilisha. Rafiki yangu nitamuita Kambale. Nyumba gani ya Banande, batu ya Butembo, haina Kambale? Mama yake nitamuita Mama Paluku, juu Paluku alikuwa mutoto yake ya kwanza, akakufa bado kidogo kabisa mu mikono yake. Kisha bwana yake naye akakufa. Akabakia na Kambale tu, akatoka naye Butembo, akafungua duka ya bikwembe, vitenge ya bamama, hapa Bunia. Mimi na Kambale tulisoma klasi moja tangu primeri. Nilikula mu ile nyumba mupaka nikakuwa na sahani yangu, ya rangi ya kijani, hakuna mutu mwingine aliigusa.

Sasa sikia vile masini ya muchezo iliingia kwao.

Kulikuwa muzungu moja, kooperan, serikali ya kwao ilimutuma kufundisha mu lise, shule ya sekondari. Mukataba yake ikaisha, akauzisha vitu yote ya nyumba mbele ya kurudi kwao, hata mapazia. Mama Paluku alienda kutafuta televizio. Muzungu akamuambia televizio na ordinatere, kompyuta yake, inaenda pamoja, hatenganishe. Mama akabeba yote. Kwa yeye ile ordinatere ilikuwa tu klaviye, kibao ya herufi, yenye kukaa chini ya televizio na kukusanya vumbi.

Kambale njo aliwasha. Mu karto, sanduku yake, mulikuwa kaseti nyingi, na mu kaseti moja mulikuwa muchezo. Si ile ya kurusha risasi. Hapa unapewa batu bane, unabapa majina weye mwenyewe, unatembea nabo mu vijiji na mu mapango. Unasalimia bazee, unauliza njia, unatafuta silaha na taa, unapigana na manyama ya ajabu. Maneno yote ni Kifaransa, inaandikwa chini ya ekra, ile kioo ya televizio. Haiishe siku moja. Unaregistre ku kaseti, kesho unaendelea pale uliishia.

Na ile muchezo ilikuwa na siri. Ukuta ingine si ukuta. Muzee mwingine hasemi kitu ya maana mupaka umusalimie, uondoke, urudi tena. Hakuna pahali banakuambia. Kambale alipenda ile mambo kuliko chakula. Alishinda mchana muzima anasukuma ukuta moja moja, na siye vijana ya kartie tumekaa ku mukeka nyuma yake tunamusumbua. "Sukuma pale. Hapana, pale! Weye hauone?" Yeye anacheka tu.

Kitu alichukia ni mutu mwenye kutafuta jibu ya bure. Na akisema vile, bote banageuka kunitazama mimi. Juu mimi, mu egzamen ya mwisho ya mwaka, balinikamata na karatasi mu soksi. Shule yote ilijua. Toka ile siku jina yangu ikakuwa Soksi. Hata Mama Paluku, na heshima yake yote, siku moja aliniita Soksi bila kufikiri, kisha akaniomba pole. Nilicheka. Lakini iliniuma, na inaniuma mupaka leo.

Basi. Mu kijiji ya mwisho ya ile muchezo kulikuwa kisima, na mu kisima unaweza kushuka mupaka chini. Muzee moja pale anakuambia: chini ya kisima kuna mulango, lakini mwenye haraka hataiona. Ni hiyo tu. Tulitafuta mupaka tukachoka. Tulisukuma kila jiwe. Hakuna.

Siku moja tukakuta Kambale amezima masini, anakunywa chai kimya. Akasema, "Ile mulango nimeiona."

Tukamurukia. Atuonyeshe, atuonyeshe sasa hivi.

"Aka. Nikibaonyesha, mutakuwa mumecheza nini?"

Wakati ile vijana bote balikuwa banaenda kuchimba zahabu upande ya Mongbwalu. Kambale naye akachoka kukaa nyuma ya mama yake akikunja bikwembe. Alipanda kamyo asubuhi. Mama analia pale chini, yeye juu ya mizigo anafanya mizaha. "Mama, nyamaza. Nikirudi na zahabu nitakuonyesha ile mulango, weye wa kwanza." Kamyo ikaondoka. Hiyo njo neno ya mwisho alimuachia.

Nyuma ya miezi, habari ikafika. Shimo ilianguka, vijana balikuwa ndani, na bale ya Bunia balikuwa pamoja nabo. Maiti ingine ilitolewa, ingine ilibakia chini ya udongo. Kambale, hakuna mutu alimuona, hai ao maiti.

Banoko, ndugu ya mama, bakakuja toka Butembo. Bakasema tufanye matanga, mutu apumuzike. Mama Paluku akakatala. "Paluku nilimushika mu mikono mupaka akapoa. Huyu mumenipa nini nishike? Aliniambia atakuja kunionyesha mulango. Mulango sijaiona. Basi mutoto yangu iko njiani."

Kisha akaanza kutuita. Mchana, kama courant, umeme, iko, anatuma mutu: kujeni, mucheze. Tunakaa ku mukeka, tunatafuta ile mulango, yeye iko pembeni anakunja bikwembe yake. Tukishindwa anacheka. "Munaona? Mwenye kuijua ni moja tu." Anatuletea chai, na anaonekana vizuri kidogo, mupaka kesho yake.

Mimi sikuelewa. Ndugu yangu, niliona yote na macho yangu na sikuelewa kitu. Nilifikiri anataka mulango. Kumbe yule mama alikuwa anataka tushindwe. Kila siku tulishindwa, mutoto yake alikuwa bado hai.

Sasa karanga. Ku soko kuna mama moja, anauzishaka karanga ya kukaanga, anafunga mu karatasi ya kuzungusha. Nilinunua, nikala njiani, nikataka kutupa karatasi. Macho yangu ikaanguka ku picha. Kisima. Kisima yetu ileile, na mawe yake na ngazi yake.

Nilisimama mu katikati ya njia. Nikaifungua polepole, juu ilikuwa na mafuta. Ilikuwa page ya gazeti ya Ulaya ya bale benye kucheza hii mambo, banajibu maulizo, banaonyesha siri moja moja. Nikaelewa mara moja. Magazeti ya yule muzungu iliuzishwa ku soko ya kufungia vitu. Page ilikuwa imepasuliwa katikati. Nikarudi mbio kwa mama ya karanga, nikaanza kuchimba mu karatasi zake.

"Weye unatafuta karanga ao masomo?" akaniuliza.

Nikapata kipande ya pili. Ilisema hivi: shuka chini ya kisima, weka silaha yote chini, zima taa yako, kisha usiguse kitu. Ngojea. Hiyo njo siri yenyewe. Siye tulikuwa tunasukuma mawe, kumbe ilikuwa tu kukaa kimya. Ni nani angefikiri ile peke yake? Mimi mupaka sasa ninasema, hakuna.

Ningeitupa. Ao ningeenda kuionyesha bote, tukacheka. Sikufanya vile. Nilisoma mupaka ikaingia mu kichwa, nikaikunja, nikaiweka mu soksi. Mukono ilienda yenyewe, kwa mazoea.

Ile siku tulikuwa wengi ku mukeka. Nikaomba klaviye. Nikashuka mu kisima mbio, sikusukuma hata jiwe moja. Nikaweka panga chini, nikaweka ngao chini. Nyuma yangu banapiga kelele, "Soksi, unafanya nini, manyama itatukula!" Nikazima taa. Ekra ikakuwa nyeusi yote. Nikainua mikono, nikaiweka chini ya mapaja nisiguse kitu.

Tukakaa vile. Mutu moja akasema nimeharibu kaseti. Kisha mu ile giza mukatokea mustari ya manjano, nyembamba, ikapanuka. Mulango ikajifungua yenyewe. Ndani kulikuwa chumba kidogo, kitanda moja, na mutu amelala mu kitanda.

Niligeuka kuona furaha ya Mama Paluku. Niliitaka sana ile furaha. Nilitaka aseme jina yangu ya kweli mbele ya bote.

Bikwembe ilikuwa imeanguka chini. Uso yake ilikuwa imebadilika. "Nani alikuonyesha?"

Nikavuta suruali ifunike soksi.

"Ulienda moja kwa moja. Haukutafuta. Hii mulango ni Kambale peke yake alijua." Akasimama. "Alikuonyesha yeye? Alikuja kwako mu ndoto?"

Page ilikuwa mu soksi, ninaisikia ku ngozi. Bote bananitazama. Nikisema karatasi, kicheko itapasua nyumba, na mimi nitakuwa Soksi mupaka kaburi. Na yeye alikuwa amenifungulia njia ingine, nzuri, ya heshima. Nikaitika na kichwa.

Ku ekra, yule mutu ya mu kitanda akasema kitu. Maneno ikaandikwa. Mama Paluku hasomake Kifaransa. "Anasema nini?"

Hapo sikudanganya. Mungu anajua, nilitafsiri vizuri kabisa. "Anasema: muniache nilale."

Akakaa chini ku mukeka pamoja na siye, kitu hakuwahi kufanya. Akatosha kitambaa ya kichwa, akaishika mu mikono. "Basi," akasema. "Mutoto yangu amelala." Hakulia. Angelia, labda ningesema.

Banoko bakarudi. Maiti haiko, basi bakafanya vile bazee banafanyaka: bakakata mugomba, bakaupima urefu ya Kambale, bakaufunga mu kikwembe mpya ya mu duka ya mama yake, ya maua nyekundu. Pasta hakutaka kuja. Mimi nilipewa kubeba upande ya kichwa, juu mimi njo alinitokea. Mugomba ni nzito, umejaa maji, maji ikanishuka mu mikono. Tukauzika nyuma ya nyumba, mu parsele. Mama Paluku akanyoa nywele. Siku ya kutosha matanga, kuimaliza, vitu ya Kambale ikagawanywa, na mimi nikapewa viatu yake. Ilinitosha kabisa.

Batu bakaanza kuniheshimu. Bamama ya bale vijana bengine ya mu shimo bakakuja mupaka ku mulango ya nyumba yetu. "Yangu pia muulize, tafazali. Anaitwa hivi na hivi." Niliwaambia Kambale hasemi tena, amepumuzika. Bakarudi na kichwa chini. Ile njo nilianza kuogopa, lakini nilikuwa nimechelewa, ao nilijiambia nimechelewa.

Mwezi iliyopita, mchana kabisa, kamyo ya kutoka Ariwara ikasimama ku soko na Kambale akashuka.

Amekonda, lakini ni yeye. Aligombana na benzake mbele shimo ianguke, akaondoka. Zahabu hakuona hata ya kuweka ku kucha. Na vile alitoka hapa na majivuno yote ile, alisikia haya kurudi mikono mitupu. Akakaa Ariwara anabeba mifuko ku soko, anangoja apate kitu ya kumuletea mama yake. Habari ya shimo aliisikia. Habari ya matanga yake, hakuna mutu alimuambia.

Ku soko batu balikimbia. Mama ya karanga aliacha karanga yake. Kambale akafikiri ni mambo ya vita, akakimbia pia, mupaka kwao.

Mama Paluku akatoka, akamutazama toka miguu mupaka kichwa. "Mutoto yangu alikufa," akasema. "Alisema yeye mwenyewe. Weye ni nani mwenye kuvaa uso yake?"

Alimuacha alale mu depo ya bikwembe. Alimupikia. Alikuwa anaweka sahani ku kizingiti, anarudi nyuma, anamungoja amalize. Hakumugusa mukono. Batu bengine, ukibaambia "mutoto yako huyu hapa", bataamini. Lakini yeye alikuwa ameonyeshwa alama, na alama nilimupa mimi.

Kambale akakuja kwetu. Nilikuwa nimekaa inje, nimevaa viatu yake. Alitazama viatu kwanza.

"Banasema nilikuja kwako mu ndoto, nikakuonyesha mulango."

"Njo vile banasema."

"Soksi." Alikaa karibu yangu, polepole, sawa mutu mwenye kuumwa. "Ile mulango mimi sikuionaka. Nilidanganya. Nilichoka na kelele yenu, na nilitaka muniheshimu kidogo. Sasa nani alikuonyesha?"

Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Mimi siwezi kumuambia mama," akasema. "Nani anaaminia mutu mwenye alishazikwa? Weye njo anakuaminia."

Akaondoka. Na mimi, unafikiri niliamuka palepale? Hapana. Nilikawia. Nilipita njia ingine kwenda soko, nisipite mbele ya duka. Nilisikia eti ku kanisa batu banahama banki, ile benchi ya kukalia, Kambale akikaa. Nilikawia bado. Kitu ilinishinda ni viatu: asubuhi moja nilikuwa nazivaa, nikaona umbo ya vidole yake ndani, vile mguu yake ilizikunja, na haikuwa vidole yangu.

Nilienda nazo mu mukono, miguu mitupu. Ilikuwa siku ya mungu, batu banatoka ku kanisa. Mama Paluku alikuwa anachagua mchele. Nikamuwekea karatasi mbele. Hasomake, lakini kisima aliijua.

"Hii ilitoka wapi?"

"Ku soko, Mama. Ilikuwa na karanga ndani."

Aliichukua, akaigeuza, akainusa. Mafuta ya karanga ilikuwa bado inanuka.

"Na ndoto?"

"Hakuna ndoto."

"Hata moja?"

"Hata moja, Mama."

Nilitayarisha shavu. Angenipiga, ningeshukuru. Akaamuka, akaingia ndani, akatoka na jembe. "Weye njo ulimuzika," akasema. "Mutoshe mu udongo."

Nilichimba peke yangu, mchana, jua kali. Batu ya kanisa bakasimama ku rugo, uzio ya parsele, na nguo zao nzuri, bananitazama, na kila mutu aliuliza nikamujibu: nilidanganya, hapa ndani kuna mugomba. Hiyo njo ilikuwa hukumu yake, niseme mara na mara. Mugomba ulikuwa umeoza, umekuwa maji na nyuzi tu. Kikwembe ilikuwa bado na maua yake nyekundu.

Kambale akakuja kusimama ku ukingo ya shimo. Hakunisaidia, na sikumuomba. "Nyuma ya ile mulango kulikuwa nini?" akauliza.

"Kitanda. Na mutu amelala."

"Ni hiyo tu?"

"Njo hiyo tu."

Akatikisa kichwa. Alionekana kama mutu anataka kucheka na anakosa nguvu.

Kisha sauti ikatoka ndani ya nyumba, ya nguvu, mupaka batu ya ku rugo bakageuka. "Kambale! Kuja kula, chakula inapoa."

Aliingia. Nilisikia viti, nikasikia maji ya kunawa, nikasikia sahani. Nilikaa mu shimo na jembe yangu nikingoja sahani ya kijani. Haikuitwa. Mupaka leo haijaitwa.

Ninaandika hii juu si bote balikuwa ku rugo ile siku. Weye uliyekula ku matanga ya Kambale na bado unavuka njia ukimuona, musimamishe, mushike mukono, utasikia iko na moto. Na nyinyi bamama ya bale vijana ya shimo, munisamehe kama munaweza. Sikuota kitu juu ya batoto yenu, na sijui pahali biko.

Na weye mwingine, kijana, mwenye kuwa na jibu yako ya kuokota imefichwa pahali, usifikiri ni ndogo juu ni ya muchezo. Sema umeiokota. Mimi balikuwa banangoja neno mbili tu, "ku soko". Bangenicheka mupaka jioni, Soksi weye, Soksi, kisha Mama Paluku angetuletea chai.